Kucha za bandia: Kiowevu ndicho cha kuogopa, si kucha yenyewe

Ukipanda ngazi za majengo ya katikati ya jiji la Nairobi, yale yaliyogawanywa kwa mbao na vioo hadi kila hatua chache kuna biashara ya mtu, utakitambua chumba cha kucha kabla hujakiona. Harufu ndiyo itakayokulaki. Ni harufu kali yenye utamutamu wa matunda yaliyoiva kupita kiasi, inayokwaruza koo na kuwasha macho. Mteja huizoea baada ya dakika chache na kuisahau. Msichana anayemhudumia naye huivuta tangu asubuhi hadi jioni, siku sita kwa juma.

Je, harufu hiyo ni ya nini, na yaweza kukudhuru?

Harufu hiyo hutoka kwa jamii ya kemikali ziitwazo methakrileti. Iliyo kongwe na yenye nguvu zaidi miongoni mwake ni methili methakrileti, ambayo kwa kifupi huitwa MMA. Usiharakishe kuilaani. Kemikali hiyo inayolaumiwa kwa kuharibu kucha za wanawake ndiyo pia iliyowarejeshea mamilioni ya watu uwezo wa kuona, ndiyo inayoshikilia nyonga za bandia za wazee wengi, na huenda, msomaji, ndiyo iliyotengeneza meno ambayo nyanyako huyaweka kwenye bilauri ya maji kila usiku.

MMA ni kiowevu chepesi kisicho na rangi, ambacho kwa macho hungekitofautisha na maji. Wanakemia hukiita monoma, yaani molekuli ndogo iliyo peke yake lakini yenye hamu kubwa ya kushikana na wenzake. Chukua mfano wa shanga. Zikimwagika sakafuni huingia katika kila ufa. Zikitungwa uzini huwa mkufu mmoja usioweza kupenya popote. MMA ikiwa huru hupenya ngozi, hupanda hewani kama mvuke na kuingia mapafuni. Molekuli zake zikishaungana kwa maelfu, hugeuka kuwa plastiki ngumu, angavu kama kioo, isiyo na harufu na isiyomsumbua mtu. Plastiki hiyo ndiyo akriliki. Unaiona kila siku katika mabango ya maduka, vioo vya taa za nyuma za magari na mabafu, na mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, ndiyo iliyotengenezewa ngao angavu zilizowatenganisha wateja na makarani wa benki na wahudumu wa maduka.

Kutoka ndege za kivita hadi ndani ya jicho

Akriliki iliingia sokoni katika miaka ya 1930. Nchini Ujerumani, kampuni ya Otto Röhm iliisajili kwa jina la Plexiglas mwaka 1933, na nchini Uingereza kampuni ya ICI ikaiuza kwa jina la Perspex. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, plastiki hiyo ilitumiwa kufunika vyumba vya marubani wa ndege za kivita kwa kuwa ni nyepesi kuliko kioo.

Mnamo Agosti 1940 ndege ya rubani mmoja Mwingereza, Gordon Cleaver, ilipigwa risasi, na vipande vya Perspex vikarushwa hadi machoni mwake. Daktari wa macho Harold Ridley, aliyemchunguza, aligundua jambo la ajabu. Kwa kawaida kitu kigeni kikibaki ndani ya jicho, jicho huvimba na huweza kupofuka. Vipande hivi vilitulia tuli, kana kwamba jicho halikujua kuwa vimo. Ridley akajiuliza: ikiwa jicho linaivumilia akriliki, kwa nini lisipewe lenzi ya akriliki badala ya ile iliyoharibiwa na mtoto wa jicho?

Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, alimfanyia mwanamke mmoja upasuaji wa kwanza wa aina hiyo. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka na mikaka. Hata hivyo, leo kuweka lenzi ya bandia ni miongoni mwa aina za upasuaji zinazofanywa kwa wingi zaidi duniani, na lenzi ngumu za akriliki zingali zinatumika katika upasuaji wa gharama nafuu barani Afrika na Asia.

Katika kisa hicho kuna jambo dogo ambalo watu hulipita haraka, nalo ndilo kiini cha makala haya. Ridley hakuchukua Perspex yoyote ya dukani. Aliomba msaada wa mwanakemia wa ICI, John Holt, akatengenezewa Perspex maalumu ya hospitali ambayo mabaki ya monoma yalikuwa yamepunguzwa mno. Tayari ilieleweka kwamba plastiki yenyewe haina ubaya; hatari ni ile monoma iliyosalia ndani yake bila kuungana.

Meno na mifupa

Kabla ya akriliki, ufizi wa meno ya bandia ulitengenezwa kwa mpira mgumu uliopikwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 mafundi wa meno walianza kutumia poda na kiowevu. Poda ni MMA iliyokwisha kuungana. Kiowevu ni ile ambayo bado ni huru. Vikichanganywa hufanya kinyunga laini kama cha chapati, ambacho hubanwa katika kalibu na kuchemshwa hadi kigumu. Kuchemsha huko si kwa ajili ya umbo tu. Joto huzilazimisha molekuli zilizosalia kuungana. Meno yaliyogandishwa bila joto, kama yale ya kurekebishwa haraka haraka, hubakiza monoma nyingi zaidi. Ndiyo sababu ni vyema meno mapya yaloweshwe katika maji kwa siku nzima kabla ya kuvaliwa. Mtu anayeona kinywa kikimwaka moto baada ya kuvaa meno mapya asidhani ni ukaidi wa ufizi. Arudi kwa daktari.

Ni katika chuo cha meno ambako daktari wa mifupa John Charnley wa Manchester, Uingereza, alipata wazo lake. Mwanakemia Dennis Smith alimwelekeza kwenye akriliki ya meno, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 Charnley akaitumia kama saruji ya kushikilia nyonga za bandia. Hadi leo, wauguzi wa chumba cha upasuaji huchanganya poda na kiowevu kando ya mgonjwa, na daktari ana dakika chache tu kabla ya mchanganyiko kuwa mgumu. Unapoganda hutoa joto kali. Mara nyingine shinikizo la damu la mgonjwa hushuka ghafla saruji inapoingizwa, na kwa sababu hiyo mtaalamu wa nusukaputi huarifiwa kabla.

Sasa tazama mikono ya madaktari hao. Tangu miaka ya 1970 imejulikana kwamba MMA hupenya glavu za mpira za upasuaji, na baadhi ya madaktari wa mifupa wakapata ukurutu wa vidole. Mafundi wa meno nao walilalamikia ngozi iliyopasuka na ganzi kwenye ncha za vidole. Kwa hiyo katika hospitali zinazojali, mchanganyiko hutayarishwa ndani ya chombo kilichofungwa kinachofyonza mvuke, glavu huvaliwa jozi mbili, na ile ya juu hutupwa kazi hiyo inapokwisha.

Hebu linganisha na kibanda cha kucha ambako dawa ile ile humiminwa katika kikombe kilicho wazi, sentimita thelathini kutoka puani.

Kiwandani hawana mchezo nayo

Ulimwengu hutengeneza zaidi ya tani milioni 3 za MMA kila mwaka, na sehemu kubwa yake hutokana na asetoni na sianidi ya hidrojeni, ile sumu mashuhuri. Ikishatoka kiwandani husafirishwa kwa matangi na mapipa, na hapo ndipo hamu yake ya kuungana huwa hatari. Pipa likipigwa na jua kali, au likiingiwa na uchafu unaoamsha kemikali hiyo, molekuli zaweza kuanza kushikana zenyewe. Kila zinaposhikana hutoa joto, joto huharakisha nyingine, na hatimaye pipa hupasuka.

Ili kuzuia hayo, watengenezaji hutia ndani yake kiasi kidogo sana cha dawa ya kuizuia isigande. La ajabu ni kwamba dawa hiyo haifanyi kazi pasipo hewa. Mtu aliyezoea petroli angedhani kwamba kujaza pipa hadi juu, au kuondoa hewa yote, ndiyo salama. Kwa MMA ni kinyume: lazima nafasi yenye hewa iachwe juu ya kiowevu, pipa likae kivulini, na lisihifadhiwe kupita muda ulioandikwa.

Aidha, huwaka upesi. Mvuke wake waweza kushika moto kuanzia nyuzi 10 za Selsiasi, yaani hata asubuhi ya baridi ya Julai mjini Limuru. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu na nusu, hivyo hushuka na kutambaa sakafuni hadi upate jiko, kiberiti au cheche za swichi. Fundi wa mabango anayegundisha akriliki, na mwenye saluni anayechemsha chai kwa jiko la mafuta ya taa pembeni, wanahusika sawasawa. Ukimwagika, zima moto wote, fungua madirisha, funika kwa mchanga mkavu na uuzoe hadi nje. Usiumwage kwenye sinki.

Kuhusu mvuke, wataalamu wa afya ya kazini nchini Marekani hupendekeza mfanyakazi asivute wastani wa zaidi ya sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja za hewa kwa siku ya kazi ya saa nane. Pua ya binadamu huitambua MMA chini sana ya kiwango hicho. Kwa hiyo kusikia harufu si ushahidi kwamba umekwisha dhurika, lakini saluni inayonuka mchana kutwa inakuambia kwamba hewa yake haibadilishwi.

Kuna wanaouliza kuhusu saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliichunguza MMA mwaka 1994 na kuiweka katika kundi la tatu, yaani ushahidi haukutosha kusema kwamba huwasababishia binadamu saratani. Hofu iliyo karibu zaidi ni ya ngozi, pumu na kucha.

Ilivyofika kwenye vidole

Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa meno wa Marekani, Frederick Slack, alivunjika ukucha akiwa kazini na kuurekebisha kwa akriliki ya meno iliyokuwa mezani pake. Biashara kubwa ikazaliwa. Kufikia miaka ya 1970 idara ya Marekani ya kusimamia chakula na dawa, FDA, ilikuwa imepokea malalamiko ya kucha zilizoharibika na ngozi zilizovimba kutokana na MMA, ikachukua hatua mahakamani na bidhaa zenye MMA tupu zikaondolewa sokoni. Majimbo mengi ya nchi hiyo sasa hayairuhusu katika saluni.

Watengenezaji waaminifu walihamia kwenye ndugu yake, ethili methakrileti, ambaye molekuli yake ni kubwa kidogo na akriliki yake ni laini zaidi. Lakini MMA ni ya bei nafuu, na kwa hiyo haijatoweka.

Ubaya wake kwa kucha ni nguvu zake zenyewe. Ili ishike vizuri, fundi huuparura ukucha wako kwa tupa au mashine hadi uwe mwembamba kama karatasi. Akriliki ya MMA ikishaganda ni ngumu kuliko ukucha. Kidole kikinaswa mlangoni mwa matatu, cha bandia hakivunjiki. Kinang'oka na kile cha Mungu pamoja na nyama yake.

Utaitambuaje? Uliza jina la dawa na uoneshwe chupa yenye lebo ya mtengenezaji. Chupa ya soda au ya maji iliyojazwa kutoka mtungi mkubwa ni sababu tosha ya kuondoka. Shuku pia kucha ambazo ni ngumu kupita kiasi na ambazo hata zikilowekwa katika asetoni kwa muda mrefu hazilainiki, hadi fundi alazimike kuzisaga au kuzibandua. Bei iliyo chini mno kuliko ya saluni jirani nayo ina sababu yake.

Mzio usiosahau

Jambo ambalo wateja wengi hawajaambiwa ni hili. Monoma huru ikigusa ngozi mara kwa mara, kinga ya mwili yaweza kujifunza kuichukia. Mara ya kwanza hakuna kitu. Ya kumi pia hakuna kitu. Kisha siku moja ngozi inayozunguka kucha inawasha, inafura na kupasuka, ukucha unaachana na nyama, na wakati mwingine kope na shavu huvimba kwa kuguswa na vidole hivyo hivyo. Huo ni mzio, na ukishajengeka kwa kawaida haukuachi tena maishani.

Walioepuka akriliki na kukimbilia jeli inayokaushwa kwa taa wasijione wamepona. Jeli nyingi zina HEMA, binamu mwingine wa MMA, ambayo kwa sasa ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa kucha. Mwaka 2012 chama cha Marekani cha wataalamu wa mizio ya ngozi kiliziteua akrileti kuwa kizio cha mwaka. Baadaye Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi waliohitimu tu na ziandikwe onyo la mzio. Ndiyo maana vile visanduku vya kujipaka jeli nyumbani vinastahili kutiliwa shaka: taa dhaifu hugandisha juu na kuacha monoma chini, na mkono wa mtu asiyezoea hupaka ngozi kama anavyopaka ukucha.

Hasara yake haiishii kwenye urembo. Gundi ambayo daktari wa meno hutumia kuziba jino ina HEMA pia. Saruji ya nyonga ni MMA. Binti wa miaka ishirini na miwili aliyepata mzio kwa ajili ya kucha za harusi ya rafikiye anaweza kuhitaji kuzibwa jino mwaka ujao, na nyonga akiwa na miaka sabini. Daktari atalazimika kutafuta njia nyingine, ikiwa mgonjwa atakumbuka kumwambia.

Kwa mteja na kwa fundi

Ikiwa unapenda kucha za bandia, si lazima uache. Keti karibu na dirisha. Hakikisha kiowevu hakigusi ngozi, na kikigusa kifutwe mara moja kisha unawe kwa sabuni. Kataa kuparuliwa hadi usikie joto au uchungu. Kucha zikilegea usizing'oe kwa meno wala kwa kadi ya benki. Zipunguzwe kwa tupa polepole. Mwenye pumu na mjamzito wana haki ya kuahirisha.

Kwako fundi, ambaye ndiye unayebeba mzigo mkubwa zaidi, barakoa ya kawaida huzuia vumbi la tupa lakini haizuii mvuke hata kidogo. Feni ya darini huuzungusha tu. Kinachosaidia ni feni inayofyonza hewa kutoka mezani na kuitupa nje, ikivuta mvuke kutoka usoni mwako na si kuupitisha. Kikombe cha dawa kiwe na kifuniko. Karatasi na pamba zilizolowa ziingie katika pipa la chuma lenye mfuniko. Usile mezani. Glavu za naitraili ni afadhali, lakini nazo hupenywa baada ya dakika chache, kwa hiyo zikilowa zibadilishwe papo hapo. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha uende hospitalini.

Mwajiri naye asijifiche nyuma ya udogo wa biashara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, saluni ikiwemo, na humtaka amlinde mfanyakazi na kumpa maelezo ya kemikali anazozishika. Kila kemikali hatari inapaswa kuwa na lebo na karatasi ya maelezo ya usalama. Ukimuuliza muuzaji karatasi hiyo akacheka, tafuta muuzaji mwingine.

Na kama vidole vyako vimeanza kuwasha, simamisha kucha zote, za akriliki na za jeli, kisha umwone daktari wa ngozi. Kuna kipimo cha kubandika vipande vidogo vya kemikali mgongoni kwa siku mbili ili kujua ni ipi inayokusumbua. Piga picha ya lebo ya dawa iliyotumiwa uende nayo. Matokeo yakithibitisha mzio wa methakrileti, yaandikishe katika faili yako, na umpe habari daktari wa meno kabla hujafungua kinywa.